Taa nyekundu isikudanganye

Juzi kijana mmoja wa Malindi aliniandikia. Amenunua Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, kwa Mtaliano aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumba ili arudi kwao, na swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, taa nyekundu inawaka, si ndiyo stima iko sawa?" Sikuweza kumjibu pale pale. Mimi mwenyewe niliwahi kuiamini taa hiyo, na kompyuta ya ami yangu ikafa.

Marehemu ami alikuwa baharia. Alikuja nayo kutoka Uingereza miaka ya 1980, akaiweka nyumbani kwetu Mkomani ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kikoi. Watoto tuliruhusiwa kuigusa Ijumaa tu, baada ya sala. Alipofariki nikairithi mimi, ikakaa miaka bila kuwashwa. Siku nilipotaka kuiwasha nilimpelekea fundi mmoja adapta, akaipima kwa mita, ikasoma volti 5.1. "Iko sawa hii." Nikamlipa.

Nyumbani nikachomeka, skrini ya buluu ikaja. Nililia, sioni haya kusema. Nikaiacha inawaka nikamwite mama aje aione. Alipofika, herufi zilikuwa zimeshavurugika. Punde skrini ikawa nyeusi tii, na taa nyekundu bado inawaka! Nikafungua, nikagusa chipu za kumbukumbu kwa ncha ya kidole. Ziko nane, zimepangwa safu. Tatu zilikuwa zimepata moto hata sikuweza kuzishika.

Adapta ile hutoa volti 5 DC (umeme kama wa betri) kwa ajili ya chipu, na volti 9 AC (umeme wa kubadilika, kama wa ukutani) kando. Ndani imejazwa resini ngumu kama jiwe, joto halina pa kutokea. Ikizeeka, kile kidhibiti cha volti 5 kikishapata moto hushindwa kazi na volti zinapanda. Chipu zinataka zisizidi 5.25. Fyuzi iliyo ndani ya kompyuta haitakuokoa, iko kwenye njia ya volti 9 peke yake. Na taa huwaka kwa volti 5, huwaka kwa volti 7.

Fundi yule aliipima ikiwa baridi, tena haina mzigo. Bado inaniuma. Punda asiye na shehena kila mmoja ni hodari. Mbebeshe mawe umpandishe kichochoro ndipo utamjua. Lakini kosa ni langu: mita ya kuazima ilikuwepo mtaani, nikaona uvivu kupima mwenyewe.

Mwezi uliopita nimepata Commodore nyingine. Safari hii adapta haikukaribia kompyuta. Nilichukua balbu ya breki ya pikipiki, volti 12 wati 21, iwe mzigo badala ya kompyuta. Ukiipa volti 5 inakula karibu ampea moja, kama kompyuta yenyewe. Pini za plagi ni saba, nusu duara. Ya katikati ni namba 2, hasi. Volti 5 ziko namba 5, na namba zimeandikwa kwenye plastiki, zisome usikisie. Mbili za mwisho, 6 na 7, ndizo za AC. Zetu huku pwani zilikuwa kijani kwa chumvi, nikazisugua kwanza.

Mwanzo mita ilisoma 5.06. Dakika ya kumi 5.2. Ya ishirini na tano 6.3, na balbu imezidi kung'aa mbele ya macho yangu. Nikachomoa. Nikaunda nyingine: transfoma mpya ya volti 9, na adapta ya kisasa ya volti 5. Nayo nikaipima saa nzima na balbu ileile. 5.02 haikutikisika. Ndipo nikachomeka kompyuta, na maandishi yakaja: baiti 38911 huru, kama zilivyokuwa enzi za ami.

Kwa hivyo ndugu zangu, pimeni. Pima ikiwa baridi, pima ikiwa moto, pima ikiwa na mzigo, na upime wewe. Neno la muuzaji halipimi, la fundi halipimi, na langu pia halipimi. Chipu hizi hazitengenezwi tena, na wengi wetu tunazimaliza kwa haraka ya dakika thelathini.

Na wewe wa Malindi, chomoa hiyo adapta leo. Tafuta balbu, kisha nitumie namba mbili: ya dakika ya kwanza na ya baada ya nusu saa.