Mkuu, weka CT kando kwanza, utosi wa mwanao bado uko wazi

Nimesoma uzi wako kwenye daladala nikapitiliza kituo. Mtoto ana miezi mitano, kichwa kinakua kuliko mwili, na wewe unauliza CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa kwa mionzi, ya bei rahisi iko wapi Dar, bima inalipa au hailipi, na kama usubiri ile MRI ya magurudumu, inayopiga picha kwa sumaku, uliyoiona mtandaoni. Uzi mzima hakuna neno altrasaundi! Mkuu, hapo hapo ndipo nilipoangukia pua.

Wa kwangu alikuwa na miezi minne. Kofia zilishagoma kumwingia, macho yanatazama chini muda wote. Daktari wa zahanati, binti mdogo tu, akatuandikia altrasaundi ya kichwa. Nikaona tumedharauliwa. Nikampeleka kwenye kituo fulani cha vipimo, jamaa mmoja mwenye koti jeupe akacheka: "Altrasaundi ni ya wajawazito, mzee. Ubongo unataka CT." Mpaka leo sijui lile koti aliliokota wapi. Lakini nilimwamini, maana alisema nilichotaka kusikia. Mwanangu apewe kipimo kikubwa, cha wakubwa.

Siku ya kwanza mtoto akatikisa kichwa, picha zote ukungu. Tukaambiwa turudi Jumatatu apewe dawa ya usingizi, na asinyonye saa kadhaa kabla. Usiombe kukaa kwenye foleni na mtoto mwenye njaa ambaye ziwa analiona. Mama yake alilia kuliko yeye. Picha zikatoka, tukapewa karatasi ya majibu yenye mistari mitatu. CD yenye picha zenyewe hatukupewa, na mimi bwege sikudai.

Hospitali ya rufaa, daktari wa upasuaji akaitazama ile karatasi kama risiti ya nyanya. "Picha ziko wapi?" Nikarudi kule kituoni, naambiwa zimeshafutwa kwenye kompyuta. Zimefutwa! Mtoto kala mionzi mara mbili na mkononi sina kitu. Yule wa koti jeupe akanishauri, bila haya, tupige ya tatu, atanifanyia punguzo. Wakati huo wiki tatu zimekwenda, pikipiki nimeshauza, na kichwa kimeongezeka zaidi ya sentimita mbili.

Unajua yule daktari wa rufaa alifanyaje? Akaagiza altrasaundi. Jeli kidogo utosini, kifaa juu yake, mtoto yuko kifuani kwa mama ananyonya. Dakika kumi. Maji yamejaa kwenye vyumba vya ubongo, hata mimi fundi makochi niliyaona kwenye skrini. Kile kile alichoandika yule binti wa zahanati. Nilitaka sakafu inimeze.

Siri yenyewe ni utosi. Pale mfupa haujaziba, kwa hiyo mawimbi ya sauti yanapita mpaka ndani. Kwa watoto wengi unafunga kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, na ukishafunga, njia hiyo haipo tena. Wako ana miezi mitano. Itumie!

Sisemi CT ni sumu. Mtoto akidondoka kitandani akazimia au akawa anatapika tapika, daktari akisema CT, kimbia. Ila kuna utafiti wa Uingereza wa 2012 uliofuatilia watu waliopigwa CT utotoni: mionzi ikiongezeka, hatari ya saratani ya damu na uvimbe wa ubongo nayo inapanda. Ni hatari ndogo, lakini kwa nini uilipie bure? Na mashine inatakiwa kurekebishwa kulingana na mwili wa mtoto. Wale wangu hawakumpima hata uzito. Muuza samaki Feri anapima.

Hiyo MRI ya magurudumu ni ya kweli, Marekani waliiruhusu 2020. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla: yake ni 0.064, wakati zile kubwa zina 1.5 au 3, na inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani. Safi sana. Ila kichwa cha mwanao hakitasubiri ifike. MRI ya kawaida yule daktari anaweza kuitaka baadaye, na vichanga wengine wananyonyeshwa, wanaviringishwa shuka vizuri, wanalala humo bila dawa. Aamue yeye, akishaona altrasaundi.

Wangu aliwekewa mpira wa kutoa maji kichwani, sasa ana miaka minne na simu yangu ya tatu kaivunja juzi.

Kwa hiyo kesho asubuhi altrasaundi ya utosi. Leo usiku chukua futi kamba, mzungushie juu ya nyusi na nyuma pale palipochomoza, andika namba na tarehe. Na popote mtakapopiga picha yoyote, usiondoke bila CD. Wakikuambia mashine ya CD imeharibika, kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka ipone.