Meli Baadaye, Kwanza Mtoto na Haramia

Siku chache baada ya filamu yetu fupi kuonyeshwa kwenye uwanja wa shule moja kule Pangani, nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Mtwara. Ameandika: "Shikamoo dada. Nimesikia mmetengeneza filamu kutoka Kisiwa chenye Hazina. Mimi pia natamani sana kuitengeneza, lakini sina meli, na hadithi yenyewe bila meli haipo. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Wengi mnaosoma ukurasa huu mna hadithi mliyoipenda utotoni, mnaiona kichwani kila mkilala, na mmekwama palepale ulipokwama wewe: meli, kisiwa, mizinga, mavazi, fedha. Mimi nimepita hapo, nikatoka, na filamu ipo. Watoto walikaa chini kwenye mchanga wakaitazama mpaka mwisho, na wengine wakataka irudiwe usiku uleule. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Meli iweke mwisho. Anza na nyuso mbili: ya mtoto, Jim, na ya haramia anayempenda mtoto yule, Silver.

Sikuliokota hili njiani. Kabla ya kushika kamera nilisoma kwa kina jinsi filamu ya Treasure Island (ndilo jina la Kiingereza la Kisiwa chenye Hazina) ya mwaka 1950 ilivyotengenezwa, ile iliyoongozwa na Byron Haskin. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Disney kuigizwa na watu toka mwanzo hadi mwisho bila katuni. Na chanzo chake ni fedha zilizokwama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa dola, ikaweka mipaka kwa mapato ambayo kampuni za filamu za Marekani zingeweza kuyatoa nje ya nchi. Disney alikuwa na fedha kule na hawezi kuzirudisha kwao. Akaamua zitumike hukohuko: studio za Denham, mafundi wa Kiingereza, na hadithi ya Mskoti. Fedha ile iliyokwama ilizaa filamu kadhaa, na ya kwanza ndiyo hii.

Sasa unajua meli waliipataje? Walichukua meli kuukuu ya matanga iliyokuwa ikibeba mizigo, wakaivalisha sura ya meli ya karne ya 18, wakaiita Hispaniola. Meli hiyohiyo ilikuja kuvalishwa tena ikawa meli iitwayo Pequod katika filamu ya Moby Dick ya 1956. Na bandari yenye msitu wa milingoti? Alikuwepo mchoraji anaitwa Peter Ellenshaw. Alikuwa akichora kwenye kioo, anaacha wazi sehemu ambapo waigizaji wataonekana, halafu picha ya watu na mchoro vinaunganishwa kuwa kitu kimoja. Mtazamaji anaona bahari na meli kubwa, kumbe nusu ya anachokiona ni brashi na rangi. Ikiwa Disney, pamoja na utajiri wake, alichorewa meli kwenye kioo, wewe wa Mtwara unalia nini?

Sisi tulikodi mashua kwa muda wa maji kujaa na kupwa, basi. Tulipiga tanga, usukani, kamba, mikono ya mabaharia, na kivuli cha tanga kikipita juu ya uso wa mtoto. Mashua nzima inaonekana mara chache sana, kwa mbali, jua likiwa nyuma yake. Baada ya onyesho mzee mmoja mvuvi aliniuliza jahazi lile kubwa tulilitoa wapi. Niliona fahari ambayo siwezi kuificha.

Nirudi kwa mtoto, maana hapa ndipo penye siri yote. Jim Hawkins wa 1950 aliigizwa na Bobby Driscoll, mvulana Mmarekani wa miaka 12. Alipofika Uingereza kukawa na kesi. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mtoto wa umri wake kufanya kazi ya filamu, na kibali hakuwa nacho. Mahakama ikatoza faini, akatakiwa kuondoka nchini. Wakakata rufaa, na rufaa ikawapa wiki chache tu. Haskin alifanya nini katika wiki zile? Aliacha mambo mengine yote akapiga klozapu za mtoto, yaani picha za uso kwa karibu. Uso wa Jim akiogopa, uso wa Jim akisikiliza, uso wa Jim akimtazama Silver. Sehemu za mbali na za mgongoni zilikuja kupigwa baadaye kwa kumtumia mtoto mwingine. Ukiitazama filamu ile leo huoni pengo, kwa sababu kila mahali ambapo moyo wako unamhitaji Jim, Jim yupo.

Nilipoisoma habari ile nilisema: hii ndiyo ratiba yangu. Na kweli, tulikuwa hatujafika mbali mama wa Jim wetu (tulimwita Juma) akanipigia kuniambia baba amepata uhamisho wa kikazi, familia yote inahamia Mwanza shule zikifungwa. Waliokuwa nami walishika vichwa. Mpiga picha wangu alitaka tuahirishe mpaka mwaka unaofuata. Nilikataa. Mtoto wa darasa la tano ukimwacha mwaka mmoja unamkuta amerefuka, sauti imeanza kukwaruza, na ule mshangao wa macho umeondoka. Tukafuta ratiba yote ya kisiwani, tukakaa na Juma kwenye ua wa nyumba moja ya zamani, na tukapiga nyuso tu.

Kulikuwa na ile sehemu ambayo kila aliyesoma kitabu anaikumbuka: Jim ameingia ndani ya pipa la matufaha, usingizi unamnyemelea, mara anamsikia Silver akipanga uasi na mabaharia wenzake. Sisi matufaha hatuna, tukamlaza Juma nyuma ya matenga ya nazi. Sikumwambia "ogopa". Nilimwambia: huyu mtu unayemsikia ndiye aliyekuletea samaki wa kuchoma jana, ndiye aliyekufundisha kufunga fundo, na sasa unasikia anataka kumuua daktari wako. Mtoto hakulia. Alikunja midomo akawa anatazama kidole chake. Kamera ikakaa pale mpaka nikashindwa kusema "kata". Ukiniuliza filamu yetu ni nini, nitakuonyesha hiyo sini, nyingine zote zimejengwa kuizunguka.

Kwa hiyo, ushauri: piga nyuso za mtoto kwanza. Kama una siku chache, piga nyuso za mtoto. Kama fedha zinaisha, piga nyuso za mtoto. Watu wanapenda kuanza na mambo makubwa, mapigano na moto, kwa sababu yanapendeza kuweka kwenye simu. Wakimaliza hayo wamechoka, mtoto amechoka, na wazazi wake wamechoka zaidi.

Halafu haramia. Robert Newton aliyeigiza Silver mwaka ule alizaliwa Dorset, na lafudhi yake ya kusini-magharibi mwa Uingereza aliikuza makusudi. Tangu hapo dunia nzima ikiigiza haramia inamwiga yeye, hata watu ambao hawajawahi kuisikia filamu hiyo. Lakini lafudhi si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba anatisha na bado unataka akae karibu nawe. Mwandishi mwenyewe, Robert Louis Stevenson, alimchota Silver kutoka kwa rafiki yake, mshairi William Ernest Henley, aliyekuwa amekatwa mguu na bado akiingia chumbani anakijaza kwa sauti na kicheko. Alichukua nguvu za mtu anayempenda, akamwondolea uadilifu, akapata haramia.

Nami nilimtafuta mtu wa namna hiyo kwenye mnada wa samaki. Pale yupo dalali ambaye akifungua mdomo soko zima linageuka, anawachekesha akina mama huku anawapandishia bei, na hakuna anayeondoka amekasirika. Hajawahi kuigiza maishani mwake. Nilijua dakika ileile.

Hapa nina jambo ambalo bado linaniuma, nalisema. Tulikuwa na mdhamini. Aliahidi kulipia vyombo na uhariri. Akasema Silver lazima awe nyota wa Dar es Salaam anayejulikana, la sivyo hakuna atakayeangalia. Nikamwonyesha vipande vya dalali wangu. Akanijibu mbele ya vijana wangu kwamba mimi natengeneza mchezo wa kijijini. Akajitoa, na taa alizotupa akazichukua. Tulimalizia kwa mwanga wa jua na karabai mbili za wavuvi. Sikutaja jina lake na sitalitaja. Ila usiku wa onyesho, dalali wangu alipotokea tu kwenye turubai akiegemea gongo lake, watoto mia na zaidi walipiga yowe la hofu na furaha kwa pamoja, na nilijua nani alikuwa sahihi.

Vijana, msikubali. Mtu mwenye fedha atakwambia uso maarufu ndio unaouza. Mtoto aliyekaa kwenye mchanga hamjui huyo maarufu. Anachotaka ni mtu wa kumwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja, na mtu huyo huenda yuko sokoni kwenu, au gereji, au anakata tiketi stendi.

Wapo pia walioniuliza kwa nini nihangaike na hadithi ya Wazungu. Kisiwa chenye Hazina kimo katika Kiswahili tangu 1929, kwa tafsiri ya Frederick Johnson. Babu yangu alikisoma, mama yangu alikisoma, mimi nilikisoma nakala isiyo na jalada. Hadithi iliyosomwa na vizazi vitatu katika nyumba moja ya Tanga ina haki ya kuwa na mashua ya Tanga. Na mwanzo wake ni mchezo wa nyumbani kabisa. Mwaka 1881 Stevenson alikuwa Braemar, Uskoti, akachora ramani ya kisiwa akiwa na mtoto wa mkewe, Lloyd. Ramani ndiyo ikazaa hadithi. Akaandika sura kumi na tano, moja kila asubuhi, kisha maneno yakamkauka kabisa. Alikuja kumalizia Davos, Uswisi, msimu wa baridi. Baba yake mzazi, mhandisi wa minara ya taa, alichangamka kama mtoto, akakaa kuorodhesha vitu vilivyomo ndani ya sanduku la Billy Bones, yule baharia mzee wa mwanzo wa hadithi. Nawaambia haya ili mjue kwamba kukauka si mwisho wa kazi. Mswada wetu nao ulilala muda mrefu.

Kuhusu haki: Stevenson alifariki 1894, kitabu chake cha asili unaweza kukitumia bila kumlipa mtu. Tafsiri ni kazi nyingine yenye haki zake, kwa hiyo sisi tulirudi kwenye asili na maneno ya waigizaji tukayatunga upya kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Ukiwa na shaka, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kibali cha kupiga filamu kinatoka Bodi ya Filamu, na filamu ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa. Kisiwa chetu kilikuwa Maziwe, na ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo wahusika wa hifadhi nao waone barua yako. Zaidi ya hapo muulize nahodha habari za maji, kwa sababu Maziwe ni fungu la mchanga na bamvua likijaa linafunikwa lote. Kwa watoto: Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira. Kaa na wazazi, kaa na mwalimu mkuu, fanya kazi likizo, mtoto ale, mtoto alale. Usilete ubabe.

Lililobaki ni mwisho wa hadithi, na hapa tuligombana sana. Kitabuni Silver anatoroka melini wakiwa bandarini, Ben Gunn, yule aliyekuwa ameachwa kisiwani, akimsaidia, na anaondoka na mfuko wa fedha. Jim hayupo. Filamu ya 1950 ilibadilisha: mtumbwi wa Silver umekwama kwenye mchanga, Silver hawezi kumpiga Jim risasi, na mwishowe mtoto anausukuma mtumbwi majini kwa mikono yake. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitusaidia alisema tukifanya hivyo tunawafundisha watoto kumsaidia mhalifu. Alitaka Silver afungwe pingu.

Nilimheshimu, lakini nilikataa, na ningekataa tena leo. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba kuiba ni vibaya, anajua. Anachohitaji ni kuona mtu wa rika lake akibeba mambo mawili moyoni: mtu huyu amekosa, na mtu huyu alinipenda. Watoto wetu wana wajomba kama hao. Wana akina baba kama hao. Tuliwanyima hadithi za kweli kwa muda mrefu tukiwapa mahubiri, halafu tunashangaa wanakimbilia filamu za wengine. Sini hiyo tuliipiga siku ya mwisho kabla ya Juma kuhama. Dalali aliketi ndani ya ngalawa, Juma akasukuma mpaka maji yakamfika kifuani, na hakuna aliyesema neno kwa sababu kwenye mswada sikuwa nimewaandikia neno lolote. Mwalimu yule alikuja kwenye onyesho. Alikaa mbele na wanafunzi wake, na wiki iliyofuata aliniomba nakala ya shule.