Mkuu, hizo diklofenaki weka chini kwanza

Umeuliza mkojo unapita wapi kutoka kwenye figo mpaka nje, na mtu anywe maji kiasi gani kwa siku. Halafu katikati umechomekea kwamba kiuno kinauma, tumbo linakuendesha, na unameza diklofenaki, hizo dawa za maumivu, asubuhi na jioni "ili figo zitulie". Acha. Leo leo.

Mimi nilimeza hivyohivyo. Jamaa wa duka la dawa, kavaa koti jeupe kuliko la daktari, alinibonyeza kiuno mara moja akatangaza: "Figo imechoka." Nikauliza nimeze mpaka lini. "Mpaka upone." Sijaulizwa kama naharisha, sijaulizwa kama nina dawa za presha. Maumivu yakaisha, nikamsifia kwa watu, tena nikampelekea wateja! Kumbe kilichouma ni misuli ya mgongo. Figo zilikuwa nzima, mimi ndiye niliyekuwa nazinyonga.

Iko hivi. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na kila kichujio kina kimshipa cha kuingizia damu. Mwili ukipungukiwa maji, figo hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ili kimshipa hicho kibaki wazi. Sasa diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hutuliza maumivu kwa kuzuia hizohizo prostaglandini. Kimshipa kinabana, msukumo wa damu unapungua, uchujaji unashuka. Mwenye afya na maji ya kutosha mwilini anaweza kumeza siku chache asidhurike. Wewe unaharisha, mkuu! Ukiwa na vidonge vya presha au vya kukojosha juu yake, ndiyo balaa kabisa.

Na usiniambie "mbona nakojoa vizuri". Nilimwambia daktari hivyo, tena kwa sauti ya mwenye ushahidi. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote kwenye damu; kinachotoka ni lita moja au mbili tu. Kwa hiyo uchujaji unaweza kuporomoka na chooni usione tofauti. Mimi niliumbuliwa na kipimo cha kreatinini kwenye damu, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa; ikijaa kwenye damu ujue uchujaji umeshuka, na hiyo nayo huchelewa kupanda. Ndiyo maana daktari alikokotoa kiwango cha uchujaji, akaagiza na kipimo cha protini kwenye mkojo. Figo zangu zilirudi, ila si kama zamani, na dawa za ukoo huo nimepigwa marufuku maisha.

Kwa hiyo kiuno kikiuma: kreatinini na mkojo kwanza, kidonge baadaye. Anayekubonyeza mgongo na kukutajia ugonjwa papo hapo, muage.

Ah, njia ya mkojo: figo, mirija miwili, kibofu, nje. Wengine watakuchorea.

Umeanza kuharisha lini? Na presha unameza dawa gani? Andika hapa ukiwa njiani kwenda kupima.