Ukitaka kuuelewa ubia wa ndege za kivita, anza na mgawanyo wa kazi

Vijana wanaosomea uhandisi wa ndege huniuliza kama ndege mpya ya kivita ya Uingereza, Italia na Japani itakuwa tayari mwaka 2035 kama ilivyoahidiwa. Kazi yangu ni ununuzi wa vipuri, kusini mwa Ujerumani, na ushauri ninaowapa ni uleule. Michoro na kasi ya ndege viacheni kwanza. Ulizeni kila nchi inaitaka ndege hiyo kwa kazi gani, kisha ulizeni nani anatengeneza kipande gani.

Swali la kwanza ndilo lililoitoa Ufaransa kwenye mradi uliokuja kuzaa Eurofighter Typhoon. Wafaransa walitaka ndege nyepesi, ya kuweza kutua kwenye manowari ya kubebea ndege, na usanifu uongozwe na kampuni yao, Dassault. Wenzao hawakukubali. Agosti 1985, mjini Turin, wakaachana. Ufaransa ikaunda Rafale peke yake, na Hispania ikajiunga na Uingereza, Ujerumani na Italia. Ndege ya Tornado ya kampuni ya ubia Panavia, iliyoanza 1969, ilikuwa na bahati zaidi: washirika wake watatu, Uingereza, Ujerumani na Italia, walihitaji ndege ya kushambulia ikiruka chinichini, na zikaundwa karibu 1,000.

Swali la pili ndilo lenye fedha. Bawa la kushoto la Typhoon hutengenezwa Italia, la kulia Hispania, kiwiliwili cha kati Ujerumani, cha mbele Uingereza. Halafu kila nchi ina kiwanda chake cha kuunganisha ndege nzima, vinne kwa ndege ya aina moja! Gharama hiyo kila mbia aliikubali akijua, kwa sababu hakuna bunge linalotoa mabilioni ili ajira ziende kwa jirani. Kazi iligawanywa kulingana na idadi ya ndege ambazo kila nchi iliahidi kununua. Ujerumani ilipopunguza kutoka 250 hadi 180, mabishano yalikuwa makali, na mwishowe sehemu yake ikashuka kutoka asilimia 33 hadi 30 hivi, ya Uingereza ikapanda hadi karibu 37. Nimeona barua ya kubadilisha kipuri kidogo ikizunguka miezi mingi ikisubiri sahihi za wote. Anayetaka kufanya kazi hii ajifunze subira, na ajifunze mikataba sawa na hesabu.

Wasomaji wa Ghuba, hili linawahusu moja kwa moja. Oman iliagiza Typhoon 12 mwaka 2012, Saudia ilikuwa imeshaagiza 72. Saudia ilipotaka nyingine, Uingereza ilikuwa tayari kuuza, lakini Ujerumani ilizuia hadi Januari 2024. Mnunuzi anazungumza na London, kumbe Berlin nayo ina kura ya turufu. Nchi yoyote inayofikiria kununua ndege ya ubia iulize mapema vibali vya kuuza na vya vipuri viko mikononi mwa nani.

Kwa hiyo kwenye mradi wa 2035, habari niliyoifurahia zaidi ni ya Machi 2024, Japani ilipolegeza sheria zake ili ndege hiyo iweze kuuzwa kwa nchi nyingine. Mwaka uliofuata kampuni ya pamoja, Edgewing, ilitangazwa kwa hisa sawa za theluthi moja kwa kila upande. Sasa fuatilieni bajeti: nchi itakayopunguza oda yake kwanza, angalieni kama itakubali kupunguziwa kazi pia.