Maswali na Majibu: Furaha Ikigoma Kuja

Barua za safari hii karibu zote zinagusa furaha ya Mkristo. Majina nimeyaacha.

Bwana asifiwe, Mwalimu. Nauza dagaa Kibirizi. Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi sina kitu, na kanisani tunaambiwa asiye na furaha hana imani. Natoka ibadani nimejaa aibu. (Mama, Kigoma mjini)

Amina, mama. Aliyekuambia hivyo airudie barua kwa Wafilipi. "Furahini katika Bwana siku zote" aliyeandika ni mfungwa, na katika barua hiyohiyo anaeleza jinsi mwenzake Epafrodito alivyougua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Hakuona haya kuyaandika hayo, na hakuna aliyempokonya utume.

Kisha fungua Habakuki 3. Mtini hauchanui, shamba halitoi chakula, zizi halina kundi. Nabii hadanganyi kwamba zizi limejaa. Anataja hasara moja moja, ndipo anasema, "Walakini nitamfurahia Bwana." Wewe hasara zako unazijua. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na marejesho ya kikoba hayakusubiri samaki wazaliane. Mtajie Mungu hayo kwanza, tena kwa sauti. Ukimnyima mtu nafasi ya kutaja hasara yake, unamfundisha kuigiza. Na huyo anayekupima uso mlangoni mwa kanisa, angeuliza kwanza kama nyumbani kuna unga.

Kwaya yetu imenunua kinanda na spika mpya, lakini mazoezi yamekuwa ugomvi mtupu. Furaha ya zamani imekwenda wapi? (Kijana, Gungu)

Nahisi imekwenda kwenye kugombania maiki. Sina neno na kinanda, nakipenda sana. Ila Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, wamechapwa bakora, miguu kwenye mkatale, na wafungwa wengine wakawa wanawasikiliza. Jaribuni zoezi moja kwa wiki bila vyombo, na Jumapili jioni mkaimbe kwa mgonjwa mmoja nyumbani kwake, pasipo sare wala kamera. Asiyetaka kwenda huko mtakuwa mmemjua.

Tumsifu Yesu Kristo. Majirani zangu walokole wanasema Misa yetu imepoa. Je, furaha ni lazima kuruka? (Baba, Kasulu)

Milele amina. Si lazima. Ninyi Aleluya mnainyamazisha tangu Jumatano ya Majivu, na ikirudi Mkesha wa Pasaka, anayesema mmepoa aje asimame karibu na kina mama wenye vigelegele. Lakini nawe usiwacheke wanaoruka. Mikali alimdharau mumewe Daudi kwa kucheza mbele ya sanduku la Bwana, na Biblia haikumsifu Mikali kwa hilo.

Tangu nimzike mume wangu, mapambio yananichoma. Nikae nyumbani kwanza mpaka nipoe? (Mjane, Ujiji)

Pole sana, dada yangu. Usikae nyumbani, lakini pia usijilazimishe kuimba. Waliohamishiwa Babeli walitundika vinubi vyao mitini wakauliza watauimbaje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Swali hilo lenyewe likawa Zaburi, ya 137. Ile ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kukupangusa machozi mwishoni, na waliozikusanya Zaburi hawakuitoa. Yesu naye alimlilia Lazaro, huku akijua anakwenda kumfufua.

Basi kaa kwenye benchi, wenzako wakuimbie. Mapambio yakizidi, toka nje upate hewa, urudi wakati wa neno. Tafuta mama mmoja wa kukaa naye, asiyekuuliza kila Jumapili unaendeleaje. Warumi 12:15 inatuagiza kulia pamoja na waliao, kwa hiyo atakayekuja kukuhimiza upige makofi, mwonyeshe mstari huo. Siku utakayojikuta umeitikia kiitikio bila kupanga, usijihukumu kwamba umemsahau marehemu.

Mkristo acheze harusini? (Kijana, Mwanga)

Acheze. Yesu alikwenda harusini Kana, na maji ya mabalasi sita, ile mitungi mikubwa, yakageuka divai. Ila Yesu alialikwa. Wewe kadi ya mchango umelipa?