Nesi ana kiburi, au yuko peke yake?

Kwa nini manesi wa siku hizi ni wakali? (Majengo, Moshi)
Swali hili limeshajibiwa katika safu hii, tena si mara moja. Likirudi bila kutaja ilikuwa saa ngapi na zamuni walikuwapo wangapi, nalitupa kapuni.

Mama aliita nesi mara tatu usiku, dripu imeisha, hakuja mtu. Mnasema nesi amechoka; uchovu wake unanihusu nini mimi ninayelipa? (Sakina, Arusha)
Unakuhusu sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwahoji manesi 820 na wagonjwa 621 katika wodi 40. Palipokuwa na manesi wa kutosha, uongozi unaowasikiliza na madaktari wanaoelewana nao, manesi walikuwa na uchovu mdogo kuliko wa wodi nyingine, na uwezekano wa mgonjwa kusema ameridhika sana ulizidi mara mbili. Mnaodhani dawa ni semina ya "lugha nzuri kwa mteja", someni tena hapo.

Nilimuuguza shangazi katika hospitali moja ya huku kwetu. Wodi nzima, nesi mmoja. Saa tisa usiku nikamwona amesinzia wima akijaza faili, kalamu ikachora mstari mrefu hadi nje ya karatasi. Shangazi alipoita alikuja, akabadilisha dripu, akaondoka bila neno. Asubuhi shangazi ananiambia: "Yule binti ana kiburi!"

Na nyie mnaokesha na wagonjwa, acheni kuzungusha kile kigurudumu cha dripu eti iende haraka. Mtaua mtu.

Nikimpa nesi "chai" atamwangalia mgonjwa wangu vizuri? (Unga Limited, Arusha)
Hiyo ni rushwa. Na wa kitanda cha pili aangaliwe na nani?

Mimi ni muuguzi. Nikirudi nyumbani sitaki hata mtoto aniite. Ni ugonjwa? (Moshi)
Pole, mwanangu. Uchovu wa kazi uliopitiliza, Waingereza huuita "burnout", Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 halikuuita ugonjwa. Lilisema ni hali itokanayo na kazi: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, kujiona huwezi tena. Kwa hiyo likizo ya siku mbili kisha zamu ileile haitibu kitu. Kila zamu andika idadi ya wagonjwa na ya manesi, mpelekee kiongozi wako, ubaki na nakala. Ila ukikosa usingizi mfululizo au ukiwaza kujidhuru, muone daktari leo, usingoje gazeti.

Sanduku la maoni linasaidia?
Likifunguliwa. La wodini kwa shangazi kufuli lake lilishaota kutu.