Sijakopa, mbona nadaiwa?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Tangu wiki mbili zilizopita napokea meseji kwamba shemeji yangu ni tapeli, amekimbia na deni la shilingi 85,000 la programu ya mikopo ya simu, na nimwambie alipe. Picha yake wameiambatanisha. Meseji hizo zimemfikia mama mkwe, mchungaji wetu, hata abiria wanaopanda bodaboda ya shemeji. Shemeji anaapa kwamba hakumtaja mtu yeyote kuwa mdhamini. Namba yangu wameipataje? Mume wangu anataka tulipe sisi yaishe. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Pole, na umpe pole mama mkwe, maana kwa mtu mzima meseji ya namna hiyo inaumiza.

Shemeji yako anasema kweli, hakukutaja. Aliposhusha ile programu ya mkopo, simu ilimuuliza kama airuhusu kusoma orodha yake ya majina. Akabonyeza ruhusu, kwa sababu mwenye shida ya hela haraka habonyezi kataa. Kuanzia hapo programu iliweza kuzoa majina na namba zote na kuzipeleka kwenye kompyuta za mkopeshaji. Ndiyo maana hata akiifuta leo, orodha waliyokwisha kuichukua inabaki kwao.

Kinachonikera mimi ni kwamba yule aliyeombwa ruhusa hakuwa mwenye namba. Wewe hukuulizwa. Mchungaji hakuulizwa.

Hili nalijua kwa uchungu. Nilikuwa wakala wa pesa kwa simu miaka sita, Keko, na daftari la wateja nililiacha wazi mezani: jina, namba, kiasi, saini. Kijana mmoja akanakili humo namba ya binti aliyekuwa akija kumtumia mama yake hela, akamsumbua usiku na mchana mpaka binti akabadili laini. Alipokuja kuniambia nilikosa la kumjibu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa namba ile. Toka siku hiyo daftari lilikaa droo ya ndani, na hadi leo mtu akiniomba namba ya mwenzake, nampigia kwanza mwenyewe.

Sasa msaada upo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kusimamia sheria hiyo. Malalamiko yapeleke huko kwa jina lako mwenyewe, usisubiri shemeji, kwa kuwa taarifa zilizotumiwa ni zako. Meseji usizifute hata kama zinakuchefua. Zipige picha hapo kwenye kioo cha simu, tarehe na namba iliyotuma zionekane.

Kuhusu kulipa, mume wako ana nia njema, lakini asikimbilie. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Kwanza angalieni kama huyu mkopeshaji wenu ana leseni ya Benki Kuu. Kama ni deni halali, shemeji alilipe yeye, adai risiti, na asitume hela kwenye namba ya mtu binafsi iliyoletwa kwa meseji. Nyinyi mkilipa kwa aibu, mtakuwa mmewaonyesha kwamba kumchafua mtu kwa mama yake kunaleta hela, na kesho watarudi na hesabu nyingine.

Muulize pia aliipata wapi programu hiyo. Duka la programu la Google limezikataza programu za mikopo kusoma majina na picha za mkopaji tangu tarehe 31 Mei 2023. Wengi wanaonaswa siku hizi hutumiwa kiungo kwa WhatsApp, wakaishusha pembeni, na huko katazo hilo halifiki.

Jioni hii kaa naye, mfungue simu yake: Mipangilio, halafu Programu, halafu Ruhusa. Kila inayosoma majina bila sababu, ondoeni ruhusa. Tochi ina haja gani na namba ya mchungaji? Ukimaliza yake, fungua na yako, kwa sababu najua humo mna namba za wazazi wa darasa zima.

Kisha shemeji awapigie waliofikiwa na meseji, mmoja mmoja, awaeleze namba zao zilivyotoka kwenye simu yake. Ila kwa mama mkwe asipige simu. Aende mwenyewe.